Mwanao amewahi kuongezewa damu? Lini, wapi, na baada ya hapo alikuwaje?

Mzazi wa mtoto mwenye selimundu, au siko seli kama wengi wanavyoiita, huulizwa swali hili karibu kila anapofika hospitali: mtoto amewahi kuongezewa damu? Wengi hujibu "ndiyo, mara nyingi tu," na mazungumzo yanaishia hapo. Muuguzi anaandika "ndiyo", daktari anajaza fomu, ndugu anatumwa maabara. Ni lini hasa, katika hospitali gani, na wiki mbili zilizofuata mtoto alikuwaje, hayo hayaulizwi, au yanaulizwa na hakuna anayekumbuka. Majibu ya maswali hayo matatu yanaweza kumwepusha mtoto na hatari ambayo kipimo cha maabara cha siku hiyo hakitaiona.

Hofu kubwa ya wazazi kuhusu damu ya hospitali ni magonjwa. Hofu hiyo ina sababu zake, na ndiyo maana damu inayokusanywa na Mpango wa Taifa wa Damu Salama hupimwa virusi vya Ukimwi, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende kabla haijapelekwa wodini. Hatari inayozungumzwa hapa ni nyingine. Damu inaweza kuwa imepimwa, haina kirusi hata kimoja, na bado mwili wa mtoto ukaikataa.

Geti la kwanza ni jina

Juu ya kila chembe nyekundu ya damu kuna alama, na kinga ya mwili huzisoma alama hizo kama mlinzi wa geti anavyokagua sare za wanafunzi. Alama zinazojulikana zaidi ni zile zinazotupa makundi A, B, AB na O, ambayo Karl Landsteiner alianza kuyatambua mjini Vienna mwaka 1901. Mtoto wa kundi O huwa na kingamwili dhidi ya A na B tangu akiwa na miezi michache, hata kama hajawahi kuwekewa damu ya mtu mwingine. Akipewa damu ya kundi A, kingamwili hizo hazingoji. Zinazipasua chembe ngeni ndani ya mishipa, figo zinaelemewa, shinikizo la damu linashuka, na mtoto anaweza kufariki siku hiyo hiyo.

Maabara zinajua kupima makundi haya, na kipimo chenyewe si kigumu. Kinachoua mara nyingi ni mkanganyiko wa majina: sampuli ya Juma imeandikwa jina la Jumanne, au mifuko miwili imetoka kwenye jokofu kwa pamoja na kila mmoja ukaenda kitanda kisicho chake. Uingereza imekuwa ikikusanya taarifa za matukio ya namna hii tangu 1996, na mwaka hadi mwaka zinaonyesha kuwa chanzo kikubwa ni makosa ya watu, si ya sayansi.

Kwa hiyo muuguzi akifika na mfuko mkononi akauliza, "Mama, mtoto anaitwa nani?" usimjibu, "Sista, si umeniuliza sasa hivi?" Mwache aulize mara ya tatu. Mtajie majina yote, si jina la nyumbani. Naye akisema, "Huyu ndiye Juma?" badala ya kuuliza jina, usiitikie tu kwa kichwa, sema jina kamili mwenyewe. Omba kuona kwamba jina, namba ya faili na kundi la damu vilivyoandikwa kwenye lebo ya mfuko vinafanana na vya mtoto. Muuguzi mzuri hatakasirika.

Dakika 15 za kwanza ndizo za kukaa macho, kwa sababu hapo ndipo mikwaruzano mikali ya kundi lisilo sahihi huanza kujionyesha. Mtoto anatetemeka, anapata homa ghafla, analalamika mgongo au kifua kinauma, mkono wenye mrija unamchoma, anahema, au anahangaika bila kueleza kinachomsumbua. Mwite muuguzi papo hapo, asimamishe damu kwanza, maelezo yafuate. Mfuko huo usitupwe hata kama umebaki robo, kwa kuwa maabara watauhitaji kupima upya.

Si kila kinachotokea ni cha kutisha. Vipele vya kuwasha peke yake kwa kawaida ni mzio wa protini zilizomo kwenye majimaji ya damu, na mara nyingi hutulia kwa dawa. Homa bila dalili nyingine mara nyingi hutokana na chembe nyeupe za mchangiaji. Nchi zenye uwezo huzichuja chembe hizo kabla damu haijahifadhiwa, lakini vichujio hivyo ni ghali na si vitu vya kila hospitali. Tatizo ni kwamba mzazi hawezi kujua kwa macho kama homa ile ni ndogo au ni mwanzo wa balaa. Hata daktari hajui kwa dakika zile za mwanzo. Kazi ya kuamua aachiwe yeye, ya mzazi ni kuita.

Kuna wazazi wanaodai mtoto achomwe kwanza sindano ya kuzuia mzio ndipo awekewe damu, kwa sababu mtoto wa jirani alichomwa. Tafiti hazijathibitisha kwamba kumpa kila mgonjwa dawa hizo mapema kunapunguza matatizo, na hazizuii kabisa madhara ya damu isiyooana. Mtoto aliyewahi kupata mzio ni habari nyingine. Huyo daktari atamfikiria kivyake.

Kingamwili zinazojificha

Hadi hapa ni hatari inayojulikana. Inayowapata zaidi watoto wanaoongezewa damu mara kwa mara ni ya taratibu.

Mbali na A na B, wanasayansi wanazijua alama nyingine zaidi ya 300 juu ya chembe nyekundu. Nyingi hazina madhara makubwa. Chache zina ubishi: D, ile inayomfanya mtu aitwe "positivu" au "negativu", pamoja na ndugu zake C na E, halafu Kell, Kidd na Duffy. Kingamwili dhidi ya hizi mtu hazaliwi nazo. Hutengenezwa baada ya mwili kukutana na alama ambayo wenyewe hauna, na mahali pa kukutana ni pawili tu kwa kawaida: mimba, au damu ya kuongezewa.

Safari ya kwanza kwa hiyo hupita kimya. Mtoto anapata damu yenye alama E ambayo yeye hana, anapata nafuu, anaruhusiwa kwenda nyumbani. Wiki zinazofuata mwili wake unatengeneza kingamwili dhidi ya E. Hakuna anayejua, kwa sababu hakuna aliyepima. Na baada ya miezi kadhaa kingamwili nyingi za namna hii hupungua kwenye damu hadi kipimo kisizione tena. Kumbukumbu yake lakini haifutiki. Mlinzi amekwenda kulala, ila sura ya yule mgeni anaikumbuka.

Chukulia mtoto wa miaka sita wa Ifakara ambaye mwaka jana aliongezewa damu huko huko. Desemba hii yuko Tanga kwa bibi yake, anaugua malaria, damu inashuka. Maabara ya Tanga inachukua sampuli, inapima kundi, inaioanisha na damu ya mchangiaji, na kila kitu kinaonekana sawa. Anaongezewa, anachangamka, anaruhusiwa. Siku ya saba macho yanakuwa ya manjano, mkojo unakuwa mweusi kama kokakola, homa inarudi, viungo vinauma. HB inapimwa na kukutwa iko chini kuliko ilivyokuwa kabla ya kuongezewa.

Bibi atasema malaria haijaisha. Daktari asiyejua historia anaweza kusema ni maumivu ya selimundu yamerudi, kwa kuwa dalili zinafanana mno. Kumbe mlinzi ameamka. Kingamwili dhidi ya E zimefumuka upya kwa siku chache na kuzivunja chembe zote za mchangiaji. Hali hii huanza kati ya siku ya tatu na wiki ya pili, mara chache hadi wiki ya nne. Kwa mgonjwa wa selimundu, wakati mwingine mwili huvunja na chembe zake mwenyewe pamoja na za mgeni. Hapo jibu la haraka la "aongezwe nyingine" linaweza kumwagia petroli kwenye moto. Ndiyo maana daktari anahitaji kuambiwa mapema kwamba mtoto aliongezewa damu wiki iliyopita, hata kama aliongezewa mkoa mwingine na hata kama wewe unadhani hayahusiani.

Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019, uliokusanya tafiti za nchi za Afrika kusini mwa Sahara, ulikuta takriban wagonjwa 7 kati ya kila 100 wa selimundu waliowahi kuongezewa damu wana kingamwili za aina hii. Inaonekana ndogo, na sababu moja nzuri ni kwamba mchangiaji na mgonjwa wa huku wanafanana alama. Marekani, utafiti wa mwaka 1990 ulikuta karibu wagonjwa 30 kati ya 100 wana kingamwili hizo. Wagonjwa walikuwa Weusi na wachangiaji wengi Wazungu. Wenye ndugu Ulaya na Marekani wanaombwa kila mara wachangie damu, na sababu ni hiyo: mtoto wa selimundu wa London anahitaji damu ya mtu anayefanana naye.

Namba 7 isitulaze usingizi, hata hivyo. Kingamwili zilizokwisha kujificha hazihesabiki. Na Tanzania watoto zaidi ya 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka, kwa hiyo saba kati ya mia ni mamia ya watoto kwa kila rika.

Miongozo ya kimataifa inataka mgonjwa wa selimundu apewe damu iliyooanishwa si kwa kundi na D pekee bali pia kwa C, E na Kell. Hospitali nyingi za ukanda wetu hazifiki huko. Zinapima ABO na D, zinaoanisha, basi. Kutafuta kingamwili zilizojificha kunahitaji vitendanishi ambavyo havipo kila maabara. Pengo hilo mzazi hawezi kuliziba, lakini historia aliyonayo ndiyo kipimo ambacho maabara haina.

Damu ya baba siyo dawa

Ndugu wakiambiwa wachangie kufidia damu iliyotumika, wazazi wengi huomba damu yao wenyewe iende moja kwa moja kwa mtoto. "Ni damu yangu, itamkubali." Wazo hilo lina upendo mwingi, ila kitaalamu ni baya.

Mama anaweza kuwa amebeba kingamwili alizozitengeneza wakati wa ujauzito dhidi ya alama ambazo mtoto amezirithi kwa baba. Akimpa damu yake, anampa na kingamwili hizo. Damu mbichi ya ndugu wa karibu ina hatari nyingine, nadra lakini mbaya kupita zote: chembe nyeupe za mchangiaji zinafanana na za mtoto kiasi kwamba mwili hauzifukuzi, zinaweka makazi, halafu zinaanza kuushambulia mwili wa mwenyeji. Wengi mno wanaopatwa na hali hiyo hufariki. Kinga yake ni kuipiga damu mionzi, na mashine za kazi hiyo ni chache.

Kwa familia inayofikiria kupandikiza uloto, huduma ambayo Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma imeshaanza kuwapa watoto wa selimundu, sababu inaongezeka. Anayetoa uloto kwa kawaida ni kaka au dada wa mgonjwa. Mtoto akiwa ameongezewa damu ya ndugu zake, mwili wake unaweza kuwa umeshajifunza kuwakataa.

Mume naye asiwe mchangiaji wa mkewe aliye katika umri wa kuzaa, kwa sababu kingamwili atakazozitengeneza dhidi ya alama za mumewe zitamkuta mtoto wao tumboni. Mtoto wa kike mwenye kundi la negativu apewe damu negativu kila inapowezekana kwa sababu hiyo hiyo, ijapokuwa ana miaka minne na hakuna anayewaza ndoa yake. Atakapokuwa mjamzito miaka ishirini baadaye, kingamwili ya D itavuka kondo la nyuma na kumshambulia mtoto. Sindano ya Anti-D wanayochomwa wajawazito wa negativu huzuia kingamwili zisianze; zikishaanza haizifuti.

Wachangieni watoto wenu, ndiyo, lakini damu iende benki na mtoto apewe ya mtu mwingine.

Chupa isiyohitajika

Njia ya uhakika ya kukwepa yote haya ni kutoongeza damu pale isipohitajika. Mtoto wa selimundu huishi na HB ya 7 au 8 na anacheza mpira. Hiyo ndiyo kawaida yake, na si sababu ya kumwekea damu. Maumivu ya mifupa peke yake nayo si sababu. Kuna wazazi wanaomkasirikia daktari kwa kukataa "kumwongezea kidogo apate nguvu", na kuna madaktari wanaokubali ili kuepusha ugomvi. Huko ndiko kunakozaliwa kingamwili za bure.

Hata kwa watoto wasio na selimundu, utafiti mkubwa uliofanyika Uganda na Malawi na kuchapishwa mwaka 2019 ulionyesha kuwa wenye HB kati ya 4 na 6 ambao hawana dalili za hatari wanaweza kuangaliwa kwa karibu hospitalini bila kuongezewa damu mara moja, na vifo havikuongezeka. Wanaangaliwa wakiwa wodini, si nyumbani. Mtoto anayehema kwa shida, aliyepoteza fahamu au mwenye HB chini ya 4 anahitaji damu sasa, na kumcheleweshea kwa kuogopa kingamwili ni kumuua.

Kwa wenye selimundu ipo haidroksiyurea. Utafiti uliofanyika Angola, Kongo, Kenya na Uganda, matokeo yake nayo yakatoka 2019, ulionyesha watoto wanaoinywa wanapata maumivu machache, malaria chache, wanaongezewa damu mara chache na wanafariki wachache. Kama mwanao ana selimundu na hajawahi kutajiwa dawa hiyo kliniki, iulizie.

Kilichobaki ni daftari. Lile lile la kliniki linatosha, ila litengewe ukurasa wa damu peke yake: kundi la mtoto, tarehe ya kila mara alipoongezewa, hospitali, uniti ngapi, HB kabla na baada, na chochote kilichotokea ndani ya wiki nne zilizofuata, hata kama ni mkojo mweusi wa siku moja. Maabara ikikutajia kingamwili yoyote, mwombe fundi aandike jina lake kwa mkono wake na agonge muhuri. Ukurasa huo upigwe picha, picha iwe kwenye simu ya baba, ya mama na ya bibi wa Tanga, kwa sababu mtoto haugui kwa ratiba ya aliyeshika daftari.

Na kwa mzazi ambaye mtoto wake wa selimundu bado hajaongezewa damu hata mara moja: kliniki ijayo, ulizia kama hospitali ya rufaa ya mkoa wako au ya kanda inaweza kupima alama zake za C, E na Kell. Kipimo hicho ni rahisi kusomeka kabla ya uniti ya kwanza. Baada ya hapo chembe za mchangiaji huchanganyika na zake, na maabara inaweza kulazimika kusubiri hadi miezi mitatu ili kujua ipi ni ya mtoto.